Wauzaji Waliokataa Kurudi

Kuna seremala mmoja pale Kibuye, Kisumu, ambaye dawati lake likianguka kutoka kwenye lori huokoti vipande, unaokota dawati. Miaka michache iliyopita alipata LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza bidhaa, ya taasisi moja ya umma: madawati 100, shilingi 4,500 kila moja. Aliyafikisha siku iliyoandikwa. Kamati ya ukaguzi na upokeaji ikayahesabu, ikayatikisa, ikatia sahihi. Halafu akakaa miezi 14 akingoja hela zake.

Nilimwomba anipigie hesabu, akaipiga kwa kalamu ya useremala juu ya kipande cha plaiwudi. Mbao, misumari, vanishi na vibarua vilimeza 300,000, zote za mkopo wa chama cha kuweka na kukopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Riba ya miezi 14 ni 126,000. LPO nzima ilikuwa 450,000. Toa hiki, toa kile, akabaki na 24,000, yaani shilingi 240 kwa dawati, pesa ambazo hazinunui kilo mbili za sukari. "Shule za watu binafsi hunikaba kwenye bei," aliniambia, "lakini wakisema Ijumaa, ni Ijumaa." Siku hizi ukimwonyesha tangazo la zabuni kwenye simu hulisoma lote kwa heshima, kisha hukurudishia simu yako.

Sasa fungua faili ya ununuzi ule. Haina doa. Bei zililinganishwa, aliyetaja ya chini akapewa kazi, mali ikafika, ikapokewa. Mkaguzi atapiga tiki mpaka wino uishe. Na bado ununuzi huohuo uliiondolea serikali muuzaji hodari, na katika faili nzima hamna mahali pa kuandika hasara hiyo.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na namna tunavyopima ubora wa mfumo wa ununuzi wa umma. Tunaupima pale unapoanzia, kwenye sheria, tangazo na sanduku la zabuni. Mimi nadhani uchunguzwe kwanza kwa jambo ambalo halimo kwenye faili: ni nani aliyeuzia serikali mara moja akaapa kutorudia.

Wanaofanya kazi ya kupima mifumo hii duniani wana chombo chao, kwa kifupi MAPS. Kilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Benki ya Dunia na OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, kikaandikwa upya mwaka 2018. Kina nguzo 4, viashiria 14 na viashiria vidogo 55. Nguzo ya kwanza inahusu sheria, ya pili taasisi na uwezo wa watu wake, ya tatu shughuli zenyewe za ununuzi na soko, ya nne uwajibikaji, uadilifu na uwazi. Si chombo kibaya hata kidogo. Kiashiria cha 10 kinauliza swali ambalo seremala wangu angelijibu kwa furaha: je, soko la ununuzi wa umma linafanya kazi? Ila nguzo ya kwanza unaweza kuijibu ukiwa umeketi ofisini, kitabu cha sheria mezani na chai pembeni. Swali la soko linataka utoke, ukanyage maranda ya mbao, uongee na watu wasiokuwa na haja ya kuongea nawe. Si ajabu ripoti nyingi za namna hii zinakuwa nene mwanzoni na nyembamba katikati.

Kwa mtihani wa kuandika sheria, Kenya hukaa kiti cha mbele. Katiba ya 2010, kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na wenye kulinda thamani ya pesa. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ilitiwa sahihi Desemba 2015 na kuanza kutumika Januari 2016, ikachukua nafasi ya ile ya 2005. Kanuni zake zikafuata mwaka 2020. Katikati, mwaka 2018, Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwamba zabuni zote na majina ya waliozishinda yawekwe kwenye tovuti ya serikali. Tena kuna bodi ya kusikiliza malalamiko ya zabuni: una siku 14 za kulalamika, nayo ina siku 21 za kuamua. Hapa sifanyi mzaha. Siku 21, katika nchi ambayo kesi ya mpaka wa shamba hurithiwa na wajukuu, ni jambo la kujivunia.

Lakini tazama mlango wa bodi hiyo unafungwa wapi. Mkataba ukishatiwa sahihi kwa kufuata sheria, haina mamlaka tena. Inasikiliza ugomvi wa nani apewe kazi. Ugomvi wa nani hajalipwa hauko kwenye meza yake. Huo ni wa mahakama za kawaida, na wakili wa kukupeleka huko kwa deni la 450,000 atataka sehemu kubwa ya hizohizo 450,000. Yaani mlango wa malalamiko unafungwa palepale maumivu ya muuzaji mdogo yanapoanzia.

Tuvuke twende Bungoma, maana huwezi kuandika juu ya jambo hili ukiwa upande huu wa nchi bila kupitia huko. Mwaka 2015 nchi nzima ilicheka iliposikia kwamba kaunti hiyo ilinunua wilibaro 10 kwa shilingi 109,320 kila moja. Utetezi ukatolewa kwamba ni za chuma maalumu kisichosababisha saratani, na kicheko kikaongezeka. Maafisa wakashtakiwa na jambo hilo likawa la mahakama, kwa hivyo sitalirudia hapa kumhukumu mtu.

Ninachotaka kuuliza hakihusu hatia. Ukishuka Bungoma mjini leo utapita maduka ya vifaa vya ujenzi hata kabla hujafikiria kununua msumari, na nje ya mengi utaona wilibaro zimesimamishwa wima kama askari. Kila mwenye duka anajua bei ya wilibaro. Inawezekanaje bei kama ile ipite ofisini mchana kweupe bila mwenye duka hata mmoja kuja mbio na bei yake ya elfu chache? Bei ya ajabu huhitaji chumba kitupu. Ingekuwa wenye maduka sita wana hamu ya kuiuzia kaunti, na wanajua watalipwa, mmoja wao angepiga kelele kabla wino haujakauka. Desemba ya mwaka huohuo sheria mpya ikaja na dawa yake katika kifungu cha 54: bidhaa za kawaida zinunuliwe kwa bei ya soko, na mamlaka ya kudhibiti ununuzi itoe faharasa ya bei kila robo mwaka. Ni dawa nzuri. Ila soko lenyewe lingekuwepo chumbani, faharasa ingekuwa ya kusaidia tu.

Kwa nini basi chumba kinakuwa kitupu? Watu hutaja rushwa, na hawakosei, lakini neno hilo limekuwa kama paracetamol, tunalimeza kwa kila maumivu. Mimi naanza na malipo.

Muuzaji anayejua atangoja mwaka hana njia nyingi. Anaweza kuuza bei ya ngojangoja: ikiwa dawati ni 4,500 kwa anayelipa Ijumaa, basi ni 6,500 kwa anayelipa Mungu akipenda. Kwa macho ya mwananchi huo ni wizi. Kwa macho ya fundi ni riba ya chama imehamia kwenye dawati. Anaweza kutafuta mtu ndani, wa kuisukuma faili yake ipande juu ya zingine, na mtu huyo hasukumi kwa mkono mtupu, kwa hivyo na hiyo inaingia kwenye bei. Asipoweza yote mawili, anaondoka. Wanaobaki ni wenye mtaji mrefu wa kungoja na wenye jamaa ofisini, na mara nyingi ni walewale. Halafu mkaguzi anakuja, anakuta bei ziko juu na washindani ni watatu wanaojuana, anapendekeza fomu nyingine ya kudhibiti bei. Fomu hiyo inaongeza wiki tatu kwenye malipo.

Kwa hivyo ninaposikia kwamba malimbikizo ya madeni ni jambo la wahasibu, na kwamba tusilichanganye na ubora wa ununuzi, sikubali. Deni la jana ndilo bei ya leo. Kufikia Juni 2024 kaunti zetu kwa pamoja zilikuwa zinadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 180, kwa mujibu wa takwimu za Mdhibiti wa Bajeti. Sehemu ya fedha hizo ni za kampuni kubwa zenye mawakili na ghorofa. Sehemu ni za mama aliyepika chai ya mikutano, kijana aliyechapisha mabango, fundi wa madawati.

Ajabu ni kwamba sheria haikulala usingizi kwenye jambo hili. Kifungu cha 53 kinamkataza afisa mhasibu kuanzisha ununuzi wowote kabla ya kuridhika kwamba fedha za kutosha zimo katika bajeti iliyoidhinishwa. Kifungu cha 140 kinasema malipo yakichelewa yalipiwe riba. Ukivisoma vifungu hivyo viwili peke yake utadhani bilioni 180 ni za nchi nyingine.

Ujanja uko kwenye neno "bajeti". Bajeti ni karatasi, na karatasi hubeba matumaini bila kulalamika. Kaunti inaandika kwamba mwaka huu itakusanya kiasi fulani kutoka sokoni, kwenye stendi za magari na vibali vya biashara, ikijua mwaka jana haikufikia hata kile kidogo ilichoandika. Juu ya matumaini hayo inatoa LPO. Mgao kutoka Nairobi nao unachelewa, miezi miwili, mitatu. Kufika Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, kuna foleni ndefu na mfuko mfupi, na hapo ndipo ujue ni nani ana mtu ndani. Kisheria afisa hana kosa, fedha zilikuwepo kwenye bajeti. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Ufunguzi wa zabuni siku hizi una sherehe zake, wawakilishi wa kampuni wameketi kwenye viti, bei zinasomwa kwa sauti, watu wanapiga picha. Siku ya malipo haina viti.

Kisha uchaguzi unakuja. Gavana mpya anaingia, anakuta madeni ya aliyemtangulia, anaunda kamati ya uhakiki. Sisemi uhakiki ni hila. Bili hewa zipo, na asiyezichuja atalipa barabara ambazo ng'ombe hajawahi kuzikanyaga. Lakini fundi aliyeleta madawati ambayo watoto wameyakalia miaka mitatu anapoambiwa arudi na stakabadhi zote ahakikiwe upya, ujue hatarudi sokoni. Hata serikali kuu ilifanya hivyo mwaka 2023, ikaunda kamati chini ya aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Edward Ouko, kuhakiki bili za kuanzia 2005 hadi Juni 2022. Bili ya 2005! Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa tayari ana umri wa kuchukua kitambulisho.

Hapa niseme neno juu ya zile asilimia 30 za zabuni zinazotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, AGPO tunavyoiita. Nia yake naiunga mkono kwa mikono miwili, na kuna mambo iliyoyapanga vizuri: makundi haya hayadaiwi dhamana ya zabuni, yanajaza tamko tu. Lakini tumewatafuta watu wenye mtaji mfupi kuliko wote, tukawaingiza kwa makusudi katika biashara inayohitaji mtaji mrefu wa kungoja. Tuliwaondolea dhamana mlangoni, tukawasubirisha mwaka mzima ukumbini. Wengi waliokata cheti cha AGPO walikitumia mara moja. Wengine wamekuwa wakikikodisha kwa wenye pesa, ambao huuza kwa jina la kikundi na kukiachia kikundi kitu cha soda, na kwenye takwimu hilo linahesabiwa kama ushindi wa vijana.

Pita kwenye saiba yoyote, duka la intaneti na uchapaji, iliyo karibu na ofisi za serikali siku ya mwisho ya zabuni utaona upande mwingine wa mkasa huu. Watu wamejazana, mashine ya kubandi vitabu inalia, na kwenye kona kuna mtu ameinama anaandika nambari kwenye kila ukurasa kwa mkono: 1, 2, 3, hadi 187. Sheria inataka kurasa zote zifuatane kwa nambari, na ukikosea zabuni yako inaweza kutupwa kabla hata bei haijaangaliwa. Kanuni yenyewe si ya kijinga; iliwekwa ili usiku wa manane mtu asichomoe ukurasa mmoja na kuchomeka mwingine. Ila imegeuka mtego wa panya unaonasa paka, kwa sababu wanaojua kuandika nambari vizuri kuliko wote ni wale ambao zabuni ndiyo kazi yao ya kila siku. Seremala anajua mbao. Mtu wa zabuni anajua kurasa, na akishapewa kazi atamtafuta seremala, amlipe 3,500, auze kwa 6,500.

Kuhusu mfumo mpya wa ununuzi wa kielektroniki nitakuwa mfupi. Serikali kuu ilitangaza kwamba zabuni zote zipitie humo kuanzia Julai 2025, magavana wakapinga, mambo yakafika mahakamani. Majirani walitangulia: Rwanda na Umucyo yake tangu 2017, Tanzania na NeST tangu 2023. Mimi nautaka, kama njia ya kumpunguzia mtu kazi ya kuandika nambari 187, na kwa kuwa kompyuta haina shemeji. Magavana wana hoja moja ya maana, kwamba maafisa wao na wauzaji wa mashambani hawakuandaliwa vya kutosha, na nyingine nyingi ambazo msomaji anaweza kuzipima mwenyewe. Kwangu mimi swali ni dogo. Je, mwananchi akiufungua ataona tarehe ambayo mali ilipokewa na tarehe ambayo pesa ililipwa? Usipoonyesha hizo mbili, utakuwa umeihamisha foleni kutoka veranda hadi kwenye simu.

Maana hivyo ndivyo ningeupima mfumo, ningepewa kazi hiyo. Kwa kila ununuzi ningetaka kujua ni wangapi walileta bei. Umoja wa Ulaya huhesabu mikataba iliyopata mzabuni mmoja tu na kuitumia kama mojawapo ya vipimo vya nchi wanachama, na ni hesabu ambayo karani wa kidato cha nne anaweza kuifanya kabla ya chakula cha mchana. Ningetaka kujua siku kati ya kupokewa na kulipwa. Zaidi ya yote ningechukua orodha ya waliouza mwaka juzi, niulize ni wangapi walileta bei tena mwaka huu, kisha niwatafute waliopotea. Niwaendee Kibuye, niwaendee Bungoma, Kakamega, Nakuru kwenye karakana za jua kali, niwaulize kwa nini.

Nimeshaambiwa na rafiki aliyewahi kuwa afisa ununuzi kwamba kipimo changu hakimtendei haki. "Mimi kazi yangu inaisha mali ikipokewa," alisema. "Hundi haitoki mezani kwangu." Ni kweli, na ninamhurumia, maana muuzaji asiyelipwa humpigia yeye simu usiku, hampigii waziri wa fedha wa kaunti. Lakini seremala hakuuzia idara ya ununuzi. Aliuzia serikali, na kwake serikali ni mtu mmoja mwenye mifuko mingi. Rafiki huyo alinikumbusha pia kwamba kuna vitu ambavyo wauzaji wake ni wawili nchi nzima, kama mashine fulani za hospitali, na kwamba idadi ndogo ya wazabuni huko haimaanishi kitu. Nakubali. Ila dawati, unga, karatasi na wilibaro havimo kwenye kundi hilo.

Wiki mbili zilizopita nilipeleka barua katika ofisi moja ya umma, kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo huwapa siku 21 za kujibu. Nimeomba jambo moja: katika ununuzi wote wa samani wa miaka mitatu iliyopita, tarehe ya kupokea na tarehe ya kulipa, bila majina ya watu wala bei. Karani aliisoma barua mara mbili kabla ya kugonga muhuri, akaniuliza ni tenda gani niliyonyimwa. Nikamwambia sijawahi kuomba tenda maishani mwangu. Akanitazama tena, akagonga muhuri, akaiweka barua chini kabisa ya zile alizokuwa nazo.